Kiwanda cha maiti: uongo wa vita ulioponza ukweli

Mwaka 1917 magazeti ya London yaliwaambia wasomaji wake kwamba jeshi la Ujerumani linachemsha maiti za askari wake ili kupata mafuta. Habari hiyo haikuwa ya kweli. Miaka 25 baadaye, zilipowasili habari za kweli za maangamizi ya Wayahudi barani Ulaya, wengi walizipokea wakiwa bado wanakumbuka jinsi walivyodanganywa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika maisha ya kawaida msemo huo aghalabu hutimia: mwongo hukamatwa, akaaibika, na mambo yakaisha. Wakati wa vita hesabu huwa nyingine. Uongo wa vita huweza kuishi miaka mingi, na hata ukishafichuliwa huendelea kudhuru, kwani waliodanganywa mara moja huwa wagumu kusadiki hata pale wanapoelezwa kweli tupu. Kisa cha kile kilichoitwa kiwanda cha maiti ni miongoni mwa mifano iliyo wazi zaidi ya jambo hilo.

Vita vya kalamu

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwezi Agosti 1914, vita vya habari vilianza siku hiyo hiyo. Alfajiri ya tarehe 5 Agosti, saa chache baada ya Uingereza kutangaza vita, meli ya Kiingereza ilizikata nyaya za simu za Ujerumani zilizolazwa chini ya bahari. Tangu hapo sehemu kubwa ya habari za vita zilizokwenda Marekani, nchi ambayo wakati huo haikuwa imeegemea upande wowote, zilipitia London. Mwezi uliofuata idara ya siri ya propaganda ilifunguliwa katika jengo la Wellington House jijini humo, chini ya mwanasiasa Charles Masterman. Waandishi mashuhuri, wakiwemo Arthur Conan Doyle, H. G. Wells na Thomas Hardy, waliitwa ili waitumikie nchi yao kwa kalamu.

Ujerumani nayo haikukaa kimya. Mwezi Oktoba 1914 wasomi na wasanii wake 93, miongoni mwao wanasayansi wakubwa kama Max Planck na Wilhelm Röntgen, walitia saini tamko lililokana kwamba majeshi ya nchi yao yalitenda ukatili nchini Ubelgiji.

Ukatili huo ulikuwa umetendeka kweli. Tarehe 23 Agosti 1914, katika mji mdogo wa Dinant, wanajeshi wa Ujerumani waliwaua raia 674. Siku mbili baadaye maktaba ya chuo kikuu cha Leuven, iliyohifadhi vitabu na hati za karne nyingi, iliteketezwa kwa moto. Wanahistoria walioyachunguza matukio hayo kwa kina wamehesabu raia wapatao 6,500 waliouawa nchini Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa katika miezi ya mwanzo ya vita.

Kwa hiyo Uingereza haikuwa na haja ya kubuni chochote. Hata hivyo, kweli ilitiwa chumvi. Mwezi Mei 1915 kamati iliyoongozwa na Lord Bryce, aliyekuwa balozi wa Uingereza mjini Washington kabla ya vita, ilitoa ripoti juu ya vitendo vya Wajerumani. Ripoti hiyo ilitegemea maelezo ya watu wapatao 1,200, ambayo hayakutolewa kwa kiapo. Majina ya mashahidi hayakutajwa, na wajumbe wa kamati hawakuonana nao ana kwa ana. Humo mauaji ya kweli yaliwekwa bega kwa bega na simulizi za watoto waliokatwa mikono na unyama mwingine ambao haukuwahi kuthibitishwa. Ripoti ilitafsiriwa kwa lugha karibu 30, na ikasomwa na watu ambao hawakuwa na njia ya kutenganisha pumba na mchele.

Mzoga au maiti?

Tarehe 10 Aprili 1917 gazeti la Berlin liitwalo Lokal-Anzeiger lilichapa ripoti fupi ya mwandishi wake Karl Rosner, aliyekuwa akifuatana na jeshi kaskazini mwa Ufaransa, karibu na mji wa Reims. Mwandishi huyo alieleza kwamba alipita mahali palipokuwa na harufu nzito, akaambiwa hapo ni kituo cha jeshi cha kusindika mizoga. Mafuta yaliyopatikana yalitumika kulainishia mitambo, na mifupa ilisagwa ikawa chakula cha nguruwe na mbolea. Hilo halikuwa jambo la ajabu. Majeshi ya wakati huo yalitegemea farasi kwa maelfu, farasi hao walikufa kwa wingi, na Ujerumani iliyozingirwa baharini ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kila aina.

Neno alilotumia Rosner ni Kadaver. Mswahili hahitaji maelezo marefu kulielewa, kwa maana lugha yake mwenyewe hutenganisha mambo mawili: binadamu akifa huitwa maiti, na mnyama akifa huitwa mzoga. Kijerumani kina tofauti kama hiyo, na katika matumizi yake ya kawaida Kadaver ni mzoga. Wafasiri wa London waliligeuza likawa maiti.

Wiki moja baadaye, tarehe 17 Aprili, magazeti ya The Times na Daily Mail, yote mawili mali ya Lord Northcliffe, yalichapa tafsiri hiyo pamoja na simulizi ndefu iliyotoka katika magazeti ya Wabelgiji. Simulizi hiyo ilieleza treni zilizosheheni maiti za askari zilizofungwa kwa waya mafungu mafungu, kiwanda kilichofichwa msituni na kuzungushiwa uzio wa umeme, na wafanyakazi waliovaa vinyago huku wakizisukuma maiti kwa miti yenye ndoano. Kila kitu kilielezwa kwa utondoti, na utondoti huo ndio uliowafanya wasomaji wadhani kwamba aliyesimulia alikuwapo.

Wajerumani walipinga, wakaeleza maana ya neno Kadaver, na waziri wao wa mambo ya nje akalizungumzia suala hilo bungeni. Hakuna aliyewasikiliza. Wino mwingi ulimwagika kubishana juu ya kamusi, ilhali katuni na vipeperushi vilikwishaenea. Huko Shanghai tetesi hiyo ilikuwa imechapwa katika gazeti la Kiingereza hata kabla ya kufika kwenye kurasa za The Times. China ni nchi ambayo heshima kwa wafu ina uzito wa pekee, na ilikuwa ikibembelezwa wakati huo iingie vitani dhidi ya Ujerumani. Iliingia mwezi Agosti mwaka huo, kwa sababu zake nyingi.

Swali liliulizwa katika Bunge la Uingereza tarehe 30 Aprili. Lord Robert Cecil, akijibu kwa niaba ya serikali, alisema kuwa serikali haina habari nyingine zaidi ya zile zilizotoka magazetini. Kisha akaongeza kwamba, kwa kuzingatia matendo mengine ya wakuu wa jeshi la Ujerumani, tuhuma hiyo si jambo lisilosadikika. Jibu hilo lilipimwa kwa uangalifu. Halikuthibitisha lolote na halikukanusha lolote. Utafiti wa baadaye haukumpata mtu mmoja anayeweza kutajwa kuwa ndiye aliyeubuni uongo huu. Ulizaliwa na tetesi za mitaani na tafsiri mbovu, ukakuzwa na magazeti, na waliokuwa na uwezo wa kuuzuia wakauacha upite kwa sababu ulikuwa ukiwafaa.

Propaganda pia ni kuchagua kipi kinyamaziwe. Wakati Ulaya ikisoma habari za maiti za kubuni, Afrika Mashariki ilikuwa na maiti za kweli zilizopata nafasi ndogo mno katika magazeti hayo. Katika kampeni dhidi ya jeshi la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, mizigo ya majeshi ilibebwa vichwani na wapagazi. Inakadiriwa kwamba karibu wapagazi 100,000 wa upande wa Waingereza pekee walifariki, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki katika majina ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi.

Siku ya kukiri

Mwaka 1925 jambo hilo liliibuka upya. John Charteris, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa jeshi la Uingereza nchini Ufaransa wakati wa vita, alihutubia hafla ya chakula cha jioni mjini New York. Magazeti ya Marekani yaliripoti kwamba alijigamba jinsi alivyobadilisha maelezo ya picha mbili, moja ya maiti za askari zikipelekwa kuzikwa na nyingine ya mizoga ya farasi ikipelekwa kiwandani, kisha akaituma China. Charteris aliporejea nyumbani alikanusha, na hakuna ushahidi uliopatikana kwamba aliyafanya hayo. Lakini kelele zilizozuka ziliilazimisha serikali kusema. Tarehe 2 Desemba 1925, siku moja baada ya mikataba ya Locarno ya kupatanisha mataifa ya Ulaya kutiwa saini jijini London, Waziri wa Mambo ya Nje Austen Chamberlain aliliambia Bunge kwamba Kansela wa Ujerumani amemhakikishia kuwa tuhuma ile haikuwa na msingi wowote. Alisema serikali ya Uingereza inaukubali ukanusho huo, na anatumaini uvumi huo wa uongo hautafufuliwa tena.

Mwaka 1928 mbunge Arthur Ponsonby alichapisha kitabu chake Falsehood in War-Time, alichokusanya humo uongo wa vita hivyo. Kitabu kilisomwa sana. Kizazi kilichopoteza vijana wake kwa mamilioni kilitambua kwamba kilichochewa kwa habari za kubuni, na kikaapa kutodanganywa tena. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Si kiwanda cha maiti peke yake kilichotupwa. Hata raia 674 wa Dinant, ambao makaburi yao yalikuwapo, walitiwa katika kapu moja na hadithi za kubuni.

Kulikuwa na mwingine aliyetoa funzo lake mwenyewe. Katika kitabu chake Mein Kampf, Adolf Hitler aliisifu propaganda ya Waingereza na kuilaumu ya Wajerumani kwa udhaifu. Alipotwaa madaraka mwaka 1933, wizara nzima ya propaganda iliundwa chini ya Joseph Goebbels. Usiku wa tarehe 31 Agosti 1939, watu wa kikosi cha SS waliojifanya Wapoland walikivamia kituo cha redio cha Gleiwitz mpakani, wakatangaza ujumbe kwa Kipoland na kuacha maiti ya mtu kama ushahidi. Kesho yake Ujerumani iliivamia Poland, ikidai kwamba inajibu mashambulizi. Wajerumani wakapigwa marufuku kusikiliza redio za nje, na adhabu iliweza kufika kifo.

Ukweli wakosa wa kuuamini

Mwezi Juni 1942 ripoti ya chama cha Kiyahudi cha Bund, kilichofanya kazi kwa siri nchini Poland, ilifika London. Ilieleza kwamba Wayahudi 700,000 wamekwishauawa nchini humo. Gazeti la Daily Telegraph liliichapa tarehe 25 Juni, katika kurasa za ndani. Tarehe 8 Agosti Gerhart Riegner, mwakilishi wa Baraza la Wayahudi Duniani mjini Geneva, alituma telegramu kupitia wanadiplomasia wa Uingereza na Marekani, akionya kuwa kuna mpango wa kuwaangamiza Wayahudi wapatao milioni 3.5 hadi 4 na kwamba gesi ya sumu inafikiriwa kutumika. Maofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani waliiona kuwa ni tetesi za vita, na wakaizuia isimfikie kiongozi wa Wayahudi wa Marekani, Rabi Stephen Wise, aliyekuwa amekusudiwa kuipata. Alikuja kuipata mwishoni mwa mwezi huo kwa njia ya London.

Wise alipozungumza na waandishi wa habari mwezi Novemba, maelezo yake yalikuwa na jambo moja ambalo wanahistoria hawakulithibitisha: kwamba maiti za waliouawa zinageuzwa kuwa mafuta na mbolea. Hapo kumbukumbu ya 1917 iliamka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwezi Desemba jarida la Kikristo la Marekani, The Christian Century, lilikumbusha kwamba madai ya aina hiyo yanafanana mno na kile kiwanda cha maiti cha vita vilivyopita. Tetesi moja isiyo ya kweli ikawapa watu sababu ya kuyatilia shaka mengine yote yaliyokuwa ya kweli.

Tarehe 17 Desemba 1942 nchi washirika zilitoa tamko la pamoja kuyalaani maangamizi hayo, na wabunge wa Uingereza wakasimama kimya. Bado shaka haikuisha. Mwezi Agosti 1943, tamko jingine lilipokuwa likiandaliwa, sentensi iliyotaja vyumba vya gesi iliondolewa kwa hoja kwamba ushahidi hautoshi. Victor Cavendish-Bentinck, aliyeongoza kamati ya pamoja ya ujasusi ya Uingereza, alizikumbuka katika maandishi yake zile hadithi za maiti na mafuta za vita vya kwanza. Mwezi mmoja kabla ya hapo Jan Karski, mjumbe wa siri wa Poland aliyekuwa ameingizwa kisirisiri katika mtaa waliofungiwa Wayahudi mjini Warsaw, alikuwa amekutana mjini Washington na Felix Frankfurter, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani na mwenyewe Myahudi. Jaji alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema hawezi kumwamini. Alifafanua kwamba hamwiti kijana huyo mwongo. Ila yeye hana uwezo wa kuyasadiki aliyoyasikia.

Itakuwa kosa kuutwisha uongo wa 1917 lawama yote. Chuki dhidi ya Wayahudi, kusita kupokea wakimbizi na hesabu za kijeshi vilichangia pakubwa, na mauaji yenyewe yalipita kiwango cha akili ya kawaida. Lakini muda ulikuwa na thamani ya roho za watu. Wanahistoria wamekadiria kwamba katikati ya mwezi Machi 1942, takriban robo tatu ya Wayahudi waliokuja kuuawa katika maangamizi hayo walikuwa bado hai. Miezi 11 baadaye hesabu ilikuwa imegeuka: takriban robo tatu walikwishakufa. Miezi ile ya kuulizana kama habari ni za kweli ndiyo iliyokuwa miezi ya mauaji makubwa kupita yote.

Shaka hiyo ilidumu hadi mwisho. Jeshi la Kisovieti lilipoikomboa kambi ya Majdanek nchini Poland mwezi Julai 1944, mwandishi Alexander Werth aliikagua kwa macho yake na kuipelekea BBC ripoti. Haikutangazwa, kwa kudhaniwa kuwa ni propaganda ya Warusi. Hata Richard Dimbleby, mtangazaji aliyekuwa akiaminiwa mno, alipopeleka taarifa yake kutoka kambi ya Bergen-Belsen mwezi Aprili 1945, wahariri walisita kabla ya kuirusha hewani.

Jenerali Dwight Eisenhower alilielewa tatizo hilo. Tarehe 12 Aprili 1945 aliitembelea kambi ya Ohrdruf nchini Ujerumani, akakagua kila pembe. Siku 3 baadaye alimwandikia Jenerali George Marshall kwamba alikwenda kwa makusudi, ili aweze kutoa ushahidi wa macho endapo siku moja watu wataanza kusema kwamba mambo hayo yalikuwa propaganda tu. Akaomba wabunge wa Marekani na wahariri wa magazeti waletwe wajionee. Kamanda wa mamilioni ya askari alijua kwamba neno lake peke yake halitatosha.

Deni linalorithiwa

Mkasa huo umejirudia. Mwezi Oktoba 1990, baada ya Iraq kuivamia Kuwait, msichana wa miaka 15 alilia mbele ya wabunge wa Marekani akidai kuwa aliwaona askari wa Iraq wakiwatoa watoto wachanga katika mashine za kuwahifadhi na kuwaacha wafe sakafuni. Januari 1992 ilifichuka kwamba alikuwa binti wa balozi wa Kuwait mjini Washington, na kwamba kampuni ya uhusiano na umma ilihusika kuuandaa ushahidi wake. Uchunguzi haukupata uthibitisho wa kisa chake. Wakuwait walioteswa na kuuawa kweli na askari wa Iraq, nao walikuwa wengi, wakajikuta wanahojiwa kama wazushi.

Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba Iraq ina silaha za maangamizi. Vita vilipiganwa, silaha hizo hazikupatikana. Miaka 10 baadaye, tarehe 21 Agosti 2013, gesi ya sumu iliua mamia ya watu katika eneo la Ghouta, karibu na Damascus. Siku 8 baada ya hapo Bunge la Uingereza lilikataa hatua za kijeshi kwa kura 285 dhidi ya 272, na Waziri Mkuu David Cameron mwenyewe alikiri katika mjadala huo kwamba mambo ya Iraq yalikuwa yameitia sumu imani ya wananchi. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa walithibitisha mwezi Septemba kwamba gesi ya sarin ilitumika. Watu wanaweza kutofautiana kama kuishambulia Syria kungesaidia au kungezidisha maafa. Lisilobishaniwa ni kwamba wahanga wa Ghouta walipigania kuaminiwa katika ukumbi ambao imani ilikwishatumika yote.

Serikali zinazosambaza uongo wa vita hufanya hesabu ya vita vilivyo mbele yao. Hujiambia kwamba adui ni mwovu kweli, kwa hiyo kumwongezea uovu mdogo wa kubuni hakumdhuru mtu asiye na hatia. Aliyebuni au kuunyamazia uongo wa 1917 hakuweza kujua kwamba miaka 25 baadaye atatokea mjumbe kutoka Warsaw, mwenye habari za kweli, na kwamba msikilizaji wake atamtazama usoni akashindwa kumsadiki.